Mguu wa Pedeli

Fundi cherehani alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Alichoka chai isiyo na sukari, alichoka vidonge vya asubuhi na vya jioni, alichoka kuona mtaa mzima umegeuka daktari. "Kunywa mizizi hii, fundi, kaka yangu alipona kabisa." Alipona wapi, na wamemzika juzi tu?

Kilichomchosha kuliko vyote ni viatu. Nesi wa kliniki ya kisukari alimwambia kinagaubaga kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huua hisia za miguu, kwa hiyo asitembee pekupeku hata chumbani. Mkewe akalivalia njuga. Kila jioni alimkalisha kitandani akamgeuzageuza miguu kama mtu anayechagua nyanya. Na alikuwa na sababu. Jirani yao muuza mkaa alianza na kidonda kidogo tu, leo anatembelea magongo.

Lakini jamani, fundi gani anakanyaga pedeli na viatu? Tangu ujana wake alishona mguu mtupu, maana unyayo ndio uliomwambia kama mashine inakwenda vizuri au inakwama. Siku hizi unyayo wenyewe ulikuwa haumwambii kitu, na hilo ndilo alilokataa kulikubali. Basi nyumbani alitoka amevaa, akifika kibandani anavua na kuvisukumia viatu chini ya meza.

Siku hiyo alikuwa anashona mapazia meupe, marefu ya kuburura sakafuni. Katikati ya kazi sindano ikakatika. Kipande kimoja alikiona, kingine akakitafuta weee, akakata tamaa. Akafunga sindano mpya, akaendelea. Punde akaona doa la damu kwenye upindo.

"Lo! Balaa gani tena hili?"

Akakagua vidole, maana damu ya fundi hutoka vidoleni. Asubuhi alikuwa amejitoboa kimoja ili kupima sukari, na tundu lilikuwa bado linaonekana. Akasonya, akakilaani kipimo na aliyekitengeneza. Akakifunga kidole kwa kitambaa, akashona. Likatokea doa jingine. Akafunga na kidole cha pili.

Mkewe alipomletea chakula cha mchana alimkuta mkono mzima umefungwa vitambaa.

"Umepigana na nani, Baba Watoto?"

"Na hicho kipimo chenu! Kinanimaliza damu."

Mkewe akainama kuliinua pazia lisiburure. Hakuinuka. Mguu wa mumewe ulikuwa juu ya pedeli, unapanda na kushuka, na pedeli yote imelowa damu.

"Toa mguu," alisema kwa sauti ndogo. "Toa mguu, nakuomba."

"Una nini wewe?"

"Viatu viko wapi?"

Fundi akatazama chini. 

Kliniki, nesi alimlaza kitandani, akausafisha unyayo, akakiona kipande cha sindano kilivyozama. "Ungelala nacho siku kadhaa, kidonda kikaoza humo ndani," alisema, "tungekuwa tunaongelea kukata."

Fundi akaogopa kwelikweli. Bila mguu hakuna pedeli, na bila pedeli yeye ni nani? Akaushika mkono wa mkewe, akafumba macho, akauma meno. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba maumivu. Iume hiyo sindano, alisema moyoni. Iume nipige kelele hadi barabarani wanisikie, nijue kwamba mguu bado ni wangu. Akangoja. Mkewe akaguna "aaai!" na kumbana mkono hadi vile vidole vyake vilivyofungwa vikamuuma.

"Anza basi, nesi," fundi alisema. "Niko tayari."

Akafumbua jicho moja. Mkewe alikuwa anafuta machozi kwa upande wa khanga.

"Ameshamaliza, Baba Watoto."