Ndoo ya Mama Mkwe

Saa moja kasoro robo asubuhi, mama mshonaji wa ghorofa ya nne alifungua bomba la jikoni, akahesabu hadi mia, na maji yakatoka yaleyale: rangi ya chai kavu, harufu ya misumari. Aliwahi kuyachemsha, yakawa kutu ya moto. Mwanawe wa miezi minane alikuwa anaharisha siku ya sita, na daktari alishasema bomba lile basi. Maji ya chupa yalikuwepo duka la chini, ila muuzaji kila akimwona anasema, "Yameisha, dada," huku amekalia katoni zenyewe.

Siku ya saba mama mkwe akapiga hodi, ndoo kichwani. Alifariki mwaka juzi huko kwao, na kutoka kwao hadi ugenini hapa ni ndege mbili, kwa hiyo soli za ndala zilikuwa zimekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Kapata kazi mji mwingine. Anarudi mwisho wa mwezi."

"Akakuacha na hilo bomba." Akatua ndoo. "Haya ya kisimani kwetu. Ni ya mjukuu wangu. Wewe ukishikwa na kiu, meza mate."

Hata enzi za uhai wake hawakuiva chungu kimoja. Mtoto alikunywa, akalala, na kesho yake tumbo likatulia.

Basi akawa anakuja kila asubuhi. Majirani wakalalamika kwamba ngazi zinalowa. Mwenye nyumba akabandika tangazo: marehemu wasipandishe ndoo kabla ya saa tatu.

"Nilipokuwa hai sikupangiwa saa," mama mkwe akasema, akapita.

Baada ya barua ya nne ya mshonaji kuhusu bomba, akaletwa fundi. Hapo mshonaji akakosea. Alivyolelewa yeye, mtu akiingia ndani humuulizi shida wala humwonyeshi kazi kabla hajanywa maji. Akamchotea glasi ndooni. Fundi akanywa, akafuta masharubu, akaomba ya pili. Kisha akaweka fomu gotini, akaandika: *Maji matamu. Hakuna tatizo.*

"Kaka, hayo si ya bomba."

"Nimeyanywa humu humu ndani?"

"Ndiyo, lakini…"

"Basi." Akafunga mkoba. Spana hata hakuitoa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Umempa maji ya mtoto?"

"Alikuwa mgeni, mama."

"Mgeni ni wewe."

Wiki iliyofuata ilikuja barua kutoka kwa mwenye nyumba. Malalamiko ya maji yamefungwa, na ngazi atazipiga deki mpangaji anayezilowesha. Tangu hapo, kila asubuhi mama mkwe anapanda na ndoo yake, na mshonaji anamfuata nyuma, mtoto mgongoni, akipiga deki kwa maji ya bomba. Ngazi zimegeuka rangi ya kutu hadi ghorofa ya nne. Majirani wameshaanza kuandika barua.