Bendera Isiyo na Matundu

Mkurugenzi wa makumbusho ya mji alipenda vitu vilingane. Picha moja ikikaa upande ukutani, hali chakula akashiba. Kwa hiyo alipoiweka ile bendera kuukuu mezani kwa fundi cherehani wa makumbusho, akilini mwake ilikuwepo milingoti mitano mbele ya mlango na bendera nne tu.

"Fundi, ukingo wa kamba umeoza wote. Niwekee mpya, wenye matundu imara ya kupitishia kamba. Ijumaa tunafungua, bendera za serikali zote tano zilizowahi kututawala zipepee. Historia ni historia."

Fundi aliitambua hata kabla hajaikunjua. Askari wa bendera hiyo ndio waliomchukua baba yake, yeye akiwa bado tumboni, na baba hakurudi hata kwa fununu. Shangazi yake alikwenda kituoni kumuulizia kaka yake, akarudi na goti lililovunjwa. Kwa goti hilohilo akamlea mtoto wa kaka yake mpaka akawa fundi.

"Hii haipandi mlangoni," fundi alisema.

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mkurugenzi akacheka kicheko cha mtu mwenye haraka, akaenda zake.

Jioni fundi alifika nyumbani amefura. "Shangazi, naitia kiberiti!"

Shangazi alikuwa anamenya vitunguu, wala hakuinua macho. "Ukiichoma, mwanangu, nani ataniamini? Watasema bibi kizee aliota. Watoto wa siku hizi wanaona rangi nzuri tu. Iache waione. Ila mimi shingo siinui tena kuitazama. Niliinua vya kutosha."

Maneno hayo yalimkaa fundi moyoni. Siku tatu alifanya kazi bila soga. Alitandaza wavu mwepesi nyuma ya kitambaa, akashika kila palipoliwa na nondo kwa mishono midogo ambayo huioni mpaka uisogelee. Ukingo uliooza akaupindia ndani, akaushona bapa. Hakuweka hata tundu moja.

Alhamisi mkurugenzi alikuja, akaipapasa pande zote nne kama mtu aliyepoteza funguo.

"Matundu yako wapi?"

"Sikuweka."

"Fundi, usinitanie."

"Sikutanii. Kilichooza nimekishika, hata miaka hamsini hakifumuki. Lakini pa kupitisha kamba hapana. Ukitaka yawekwe, tafuta mwingine wa kuyaweka, na kiti hiki mpe yeye."

Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

"Unachanganya kazi na mambo ya nyumbani."

"Waliokuja nyumbani ni wao, mkurugenzi. Sisi hatukuwafuata."

Mkurugenzi akakimbilia penye maumivu yake. "Sasa mlingoti wa tano?"

"Uache mtupu. Atakayeuliza, mwelekeze ndani."

Mkurugenzi alizunguka chumba mara mbili, akahema, akakubali. Bendera ililazwa chumba cha ndani, chini ya kioo, kwenye meza inayomfika mtu kiunoni.

Ijumaa asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, shangazi aliingia na fimbo yake. Aliitazama bendera akiwa ameinamisha shingo, bila haraka, kisha akasoma kikadi kilichokuwa pembeni: *Bendera ya serikali ya tatu. Pamba. Imekarabatiwa.*

"Mbona hamkusema ilifanya nini?"

"Bibi, sisi hatuegemei upande wowote," mkurugenzi alisema kwa adabu.

"Mimi naegemea fimbo kwa sababu yake. Toa kalamu, baba, uandike."

Mkurugenzi akatoa kalamu. Shangazi akataja jina kamili la kaka yake, kisha kazi yake, kisha siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, kaka yake akiziba pancha ya baiskeli mbele ya nyumba, na walimchukua mikono ikiwa bado ina gundi.

Fundi alikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuwahi kuambiwa siku hiyo. Nyumbani lilikuwa jambo lisilotajwa. Alilia palepale mbele ya bosi wake, wala hakuona haya.

Kikadi kilijaa. Mkurugenzi akakigeuza, na nyuma nako kukajaa. Akaenda ofisini kutafuta karatasi kubwa zaidi. Fundi akavuta kiti, shangazi akakikataa kwa mkono. Alisubiri amesimama, maana kulikuwa na wengine wa mtaa wao waliochukuliwa, na alikuwa hajafika hata kwa jirani wa kwanza.