Alama Tatu za Mwavuli

Insha ya kuchambua hotuba ilirudi na alama sita kwa ishirini. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Umeeleza msemaji alisema nini. Mimi niliuliza aliwatekaje watu." Binti alilia mpaka karatasi ikalowa. Asipofikisha kumi, asahau darasa la lugha mwakani, na hilo ndilo darasa pekee alilokuwa akiliota.

Bibi yake, aliyeishia darasa la saba lakini bado anasoma hata karatasi ya kufungia sabuni, alivaa viatu vya kutokea, akachukua mwavuli wa kumkinga na jua.

"Bibi, usije ukaniaibisha."

"Mke mwenzangu, aibu niliiacha kwetu nilipoolewa. Twende."

Mwalimu walimkuta ofisini, msichana mwembamba aliyefichwa na marundo ya madaftari, chai yake imepoa ikafanya utando.

"Nikimruhusu huyu arudie, bibi, kesho watapanga foleni arobaini," aliwahi kusema kabla bibi hajaomba lolote.

Bibi hakubisha. Aliketi, akayatazama marundo. "Yote haya unayasoma peke yako, mwanangu? Mgongo haujambo?"

Mwalimu akaweka kalamu chini.

Ndipo bibi akamgeukia mjukuu wake, akamsema: mvivu, mdomo mrefu, kazi haimkai mkononi. Alimsema mpaka mwalimu mwenyewe akaingilia: "Hapana, bibi, uvivu hana. Amekosea njia tu."

Bibi akainuka. "Basi, mwanangu. Sheria ni sheria."

Walikuwa wamefika getini mwalimu alipowafikia, anahema, mwavuli mkononi. "Umeusahau kitini, bibi." "Halafu... achambue hotuba nyingine. Yoyote. Ijumaa iwe mezani kwangu."

Ijumaa jioni bibi akauliza, "Ulimchambua nani?"

"Wewe."

"Mimi nimehutubia wapi?"

"Ofisini kwa mwalimu."

Kijiko kikamponyoka bibi. "Umenianika, mtoto wewe! Umeshaipeleka?"

"Asubuhi."

Jumatatu wakaitwa wote wawili. Bibi alikwenda kama kuku aliyesikia wageni wamefika. Mwalimu alimsogezea karatasi tu. Bibi akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya chini:

"'Msemaji hakuomba chochote. Alianza na mgongo wa msikilizaji, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuulizia. Kisha alinisema vibaya, ili msikilizaji anitetee, na ukishamtetea mtu huwezi tena kumfukuza.'"

Pembeni, kwa wino mwekundu: *Kweli.* Chini kidogo: *Kweli tena, na nimejionea haya.* Na juu kabisa: kumi na saba.

Binti akaruka. Alipotua akauliza, "Na tatu zimekwenda wapi?"

"Soma mwisho," mwalimu akasema.

Mwisho paliandikwa: *Hukuugusa mwavuli.*

"Lakini mwavuli bibi aliusahau tu!"

Mwalimu akamtazama bibi. Bibi akatazama dari, kisha kicheko kikawashinda wote wawili.

"Ulijua saa ngapi, mwanangu?"

"Nilipotoka nje. Jua lile la kupasua mawe, nani anasahau mwavuli wake?"

"Sasa mbona ulikimbia?"

Mwalimu akazungusha kalamu. "Nilikuwa natafuta sababu ya kusema ndiyo, bibi. Wewe ukaniachia moja kitini."

Bibi alimshika mkono, akaukalisha mkononi mwake kidogo. Kisha akaaga, na safari hii mwavuli aliubana kwapani kama mtoto wa kuiba.

Getini akapapasa uso. Miwani haipo.

"Bibi!" binti akasema. "Tena?"

"Haki ya Mungu, hii nimeisahau kweli!"

"Nani atakuamini?"

Viatu vikasikika nyuma yao, vinakuja mbio. Mwalimu alifika anahema, miwani juu juu mkononi. "Haya, bibi. Leo unataka nini?"

Bibi alifungua mdomo ajitetee. Akaufunga. Akafikiri kidogo.

"Zile tatu," akasema.