Luteni wa Duka la Tegeta

Ahlam hakuwa mtu wa kulala na swali. Jirani yake Hope, luteni wa jeshi, alipoingia dukani kwake Tegeta kununua sukari, Ahlam alimbana hata kabla ya kuitikia shikamoo yake.

"Hebu nieleze, mwanangu. Meja ni mkubwa kwa luteni. Sasa imekuwaje luteni jenerali akawa juu ya meja jenerali? Swali hili linanikera tangu juzi!"

Hope akacheka. "Mama, asili ya luteni ni yule anayeshika nafasi ya mkubwa wake. Anayemshikia kapteni ni mdogo. Anayemshikia jenerali, huyo mzito."

"Na mkubwa asiporudi?"

"Luteni ndiye anayeamuru."

Ahlam akaacha kupima, sukari ikiwa bado kwenye mizani. Mumewe Masoud alikwenda Maskati miaka tisa iliyopita, eti mwezi mmoja tu. Tangu hapo kila mteja wa jumla aliyetaka kupunguziwa bei alimwulizia mzee, na Ahlam akajibu, "Ametoka, atarudi."

Mlangoni akatokea mteja wa jumla, dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo. "Shikamoo, mama. Mzee yupo?"

"Marahaba. Yupo," alisema Ahlam. "Unaongea naye."