Sponji la Kochi Ndani ya Injini

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hata yeye mwenyewe habishi. Ameshatafuta mtu mwingine wa kumtwika ujinga ule, akamkosa.

Alikuwa fundi makochi, mtaa mzima ukimwita Springi. Mikono yake ina akili kuliko kichwa chake. Hayo ni maneno ya mkewe, na enzi hizo aliyasema kwa mapenzi. Mkewe alikuwa muuguzi katika kituo cha afya kilichokuwa ng'ambo ya mlima. Asubuhi aliupanda mlima na kigari chao kikuukuu, jioni akaurudia. Kwenye mpando kigari kilikoroma kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, malori yenye mizigo yakikipita na kukipulizia moshi. Siku nyingi alifika nyumbani akamkuta binti yao, mtoto wa miaka minne, ameshalala kwenye kochi na viatu miguuni.

Kule kituoni walishampa chumba katika nyumba za watumishi. Mkuu wake alimwambia ahamie tu, ya nini kujitesa na barabara. Akakataa. "Nyumba ninayo," alimjibu, "na ndani yake mna mume na mtoto." Springi aliposimuliwa hayo alitembea kifua mbele wiki nzima.

Ndipo akaona kwenye simu kijana mmoja anayeeleza kwamba gari linalochoka mlimani huwa limebanwa hewa. Boksi la chujio la hewa lina tundu dogo, na chujio lenyewe ni karatasi iliyoshonana. Panua tundu, weka chujio jepesi, hewa iingie ya kutosha, uone kama gari halitaruka. Kijana alikuwa na chujio maalumu la dukani. Springi hakuwa nalo, lakini aligeuka akatazama karakana yake, sponji limepangwa hadi darini, akacheka peke yake. Nani angemfundisha yeye sponji?

Jumamosi, mkewe akiwa kwa dada yake, akafungua boneti. Boksi akalikata kwa kisu alichokipasha moto, chujio la karatasi akalitupa pembeni. Akachonga sponji lile laini la egemeo, akalipaka gundi kingoni, akalivisha kwenye fremu nyembamba ya mbao. Na kwa kuwa si mtu wa kulipua kazi, akachukua bunduki ya pini akalipigilia pande zote, pini jirani na pini, kama anavyofanya chini ya kochi la mteja mkorofi. Kazi ikatoka nzuri. Hilo ndilo linalouma zaidi. Ungeiona ungemwagiza seti nzima ya sebuleni.

Jirani yao Bisibisi, fundi wa magari, alikuwa anapita akachungulia.

"Springi, leo unaitandikia injini ikae?"

"Naipa hewa, ndugu yangu. Wewe kabadilishe oili."

"Na hizo pini zikiachia, unadhani zinakwenda wapi?"

"Pini zangu haziachii. Kuna makochi yangu yamekaliwa na watu wazito kuliko wewe na wajomba zako wote."

Bisibisi akacheka, akaenda zake. Jioni mkewe aliporudi na kuwasha gari, lilinguruma hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

"Mbona linapiga kelele hivi?"

"Linapumua, mke wangu."

"Kwani lilikuwa halipumui?"

"Lilikuwa linavumilia tu, kama mimi na mama yako."

Akampiga kibao cha bega, huku akicheka.

Na likapanda mlima, usidhani halikupanda. Jumatatu mkewe alifika mtoto bado yuko macho, akamrukia shingoni, wakala pamoja wote watatu. Jumanne vilevile. Springi kichwa kikamvimba, akaanza kuwaeleza wateja habari za hewa kabla hawajauliza habari za makochi.

Jumatano mkewe alirudi na lori la mbao, viatu mkononi, vumbi hadi kwenye kope. Mtoto alikuwa ameshalala zamani. "Limezimika kule juu," alisema. "Lilianza kulia kama kopo lenye kokoto, halafu basi."

Kesho yake gari likaburutwa hadi gereji ya Bisibisi. Alipofungua boksi, sponji lilimwagika kama makombo ya mkate. Joto la injini lilikuwa limelainisha gundi, gundi ikaachia sponji, sponji likaachia pini, injini ikazivuta ndani. Akashusha sumaku ndani ya injini, akaitoa na pini moja iliyopondwa. Akashusha tena, nyingine. Springi alizitambua. Ni zake, alizipigilia mwenyewe, jirani na jirani. Pistoni zilikuwa zimechimbika, valvu zimepinda, kuta za silinda zimechanika michirizi.

"Hii haina matengenezo," Bisibisi alisema, akifuta mikono polepole. "Utauza bodi kwa wa vyuma chakavu."

Springi alisubiri mzaha. "Si unitanie basi."

"Sina utani leo, kaka."

Gari jingine kwao lilikuwa ndoto, yeye na mkewe walilijua hilo.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja sare zake, moja moja, anazipanga kwenye begi. Mtoto ameketi kitandani, anampa soksi.

"Chumba cha kule kituoni kina kitanda kimoja," mkewe alisema bila kugeuka. "Mtoto utabaki naye. Nitakuja mwisho wa wiki, nikipata lori."

"Subiri kwanza. Nitazungumza na Bisibisi, nitaifungua injini mwenyewe, nita..."

"Usiifungue tena."

"Basi kosa langu peke yangu? Jumatatu si ulifurahi? Si ulicheka hapa hapa?"

Mkewe akaikunja sare ya mwisho.

"Nilifanya kwa ajili yako," Springi akasema, sauti ikimpanda. "Kila siku unachelewa, mtoto analala hajakuona. Ulitaka nikae tu natazama?"

Mkewe akafunga zipu ya begi, akamgeukia.

"Nilikuwa nachelewa, mume wangu. Lakini nilikuwa nafika."