Maiki ya Utepe

Fundi sauti alikuwa na sheria zake za maiki, na kaka yake alikuwa ameshazivunja zote. Usiipulize. Usiigonge kwa kidole. Usiizungushe kwa waya wake. Usiitupe mezani eti umemaliza kuongea. Kaka mtu, ambaye mji mzima ulimwita Radi, alikuwa mshereheshaji wa harusi kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo maiki kumi na moja zilimfia mkononi. Kila iliyokufa aliipeleka studio kwa fundi, mdogo wake wa kike, akaapa kwamba imekufa yenyewe.

"Maiki ni sikio, kaka," dada mtu alimwambia kila mara. "Wewe ukipigwa kofi la sikio utasikia kitu?"

"Nitasikia kofi," Radi alijibu.

Safari hii hakupeleka maiki. Madaktari walikuta uvimbe kooni, na kesho yake asubuhi wangekiondoa kikoromeo chote kinachotoa sauti. Angepona, walisema, ila asingezungumza tena kama watu. Ndiyo maana mchana huo fundi alifuta kazi zote za studio. Alitaka sauti ya kaka yake ibaki, na ibaki nzuri. Alimketisha katika chumba cha kurekodia, na wifi yake, mke wa Radi, akakaa ng'ambo ya kioo, kwenye chumba cha mitambo, akiwa na mkoba mapajani.

Fundi akafungua kabati, akatoa maiki ya utepe. Hiyo haikuwa ya kila mtu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha alumini chembamba kuliko unywele, kilichoning'inizwa katikati ya sumaku, na sauti iliyopita hapo ilitoka na joto lake lote. Aliibeba ikiwa wima ndani ya mfuko wake, kwa sababu hata upepo wa kutembea haraka huweza kuuvuta utepe. Aliifunga kwenye stendi, ndipo akaivua mfuko.

"Usiiguse. Usiisogelee. Kaa hapo hapo, ongea kama unaongea na mimi."

"Hata kupumua ni kwa kibali?"

"Pumulia pembeni."

Radi akaitazama maiki, kisha akamtazama mdogo wake. "Sikiliza, mdogo wangu. Kesho siendi."

"Huendi wapi?"

"Hospitali. Nimefikiri sana. Mimi bila mdomo ni nani? Nitakaa kwenye kiti nitazame watu wanaongea? Bora nife nikiwa nasema."

Alisema kwa utulivu, na utulivu huo ndio uliomchoma dada yake. Alikuwa na maneno mengi ya kumjibu: kuhusu mke aliyekuwa nyuma ya kile kioo, kuhusu binti yao mwenye mimba ya miezi saba, kuhusu yeye mwenyewe. Badala yake akageuka, akatoka, na akaubamiza mlango.

Chumba cha kurekodia hakina hata tundu la kupitisha sindano. Mlango wake ukibamizwa, hewa yote ya ndani hupigwa kwa mkupuo mmoja. Fundi ndiye aliyebandika karatasi mlangoni iliyosema FUNGA POLEPOLE, na wasaidizi wawili walishafukuzwa kwa kutoisoma.

Aliikumbuka maiki alipofika chumba cha mitambo na kuvaa vipokea sauti. Kupitia kioo alimwona kaka yake akisogeza midomo, na masikioni ikamjia sauti kavu, nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya debe. Alirudi ndani, akamulika maiki kwa tochi. Utepe ulikuwa umelegea na kulalia upande mmoja.

"Imeharibika," alisema. "Nimeiharibu mimi. Kwa mlango."

Radi akacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha kumbini, kinachoanzia tumboni, kikapanda kwa ngazi tatu, na mwisho kikapasuka hata watu wa viti vya nyuma wakacheka bila kujua sababu. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi, akaanza tena. Ng'ambo ya kioo mkewe naye alikuwa anacheka kwa kumwona tu.

"Miaka thelathini unanisema," alisema alipopata pumzi. "Kumbe na wewe una mkono mzito. Basi kesho nitakwenda. Kama wewe umeweza kuua hiyo, basi hakuna lisilowezekana."

Fundi hakuaminishwa na hoja hiyo, lakini aliichukua. Alileta maiki ngumu ya kushika mkononi, ile ya matamasha, na Radi akaipuliza, akaigonga mara mbili, na hakuna aliyemkataza. Alisalimia ukoo mzima. Alimpa mjukuu ambaye hajazaliwa utani wa kumtosha mpaka akue. Alimwambia mkewe mambo ambayo fundi aliyasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho dada yake akamwomba acheke tena, naye akajaribu: ha, ha, ha. Wote wawili walijua kwamba sicho. Kicheko hakiagizwi.

Siku ya tisa baada ya upasuaji, fundi na wifi yake walikaa pande mbili za kitanda, wakamsikilizisha Radi sauti yake kutoka kwenye simu. Ilikuwa safi, kila neno lilisikika. Ilipoisha, wifi akauliza, "Na kile kicheko?"

"Hakimo," fundi alisema. "Maiki ilikuwa imeshakufa, na nilikuwa sijaanza kurekodi. Nisamehe, wifi. Nisamehe, kaka."

Radi, mwenye bomba la kupumulia shingoni, alimnyooshea mdogo wake kidole, kisha akafanya ishara ya kubamiza mlango. Akaanza kucheka. Tumbo lilitikisika, mabega yakapanda, mdomo ukafunguka wote, na hakuna kilichotoka ila pumzi kwenye bomba. Fundi alishindwa kuangalia. Lakini wifi alikuwa anamwangalia mumewe usoni, na kicheko kilipofika pale ambapo siku zote kilipasuka, alicheka naye.