Safari ya Dakika Sifuri

Jumatatu asubuhi, karani wa ratiba katika ofisi ya uwanja wa ndege aliandika muda wa safari ya kwenda mji wa pili: saa moja na dakika tano. Angalau ndivyo alivyokusudia. Mdogo wake alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba mama yao, anayeishi huko, ameacha kula. Mawazo yakahama, ile saa moja akaisahau.

Ndege ya saa tatu ikafika baada ya dakika tano. Abiria walishuka wakinung'unika kwamba hawakupewa hata soda. Rubani alisema yeye anafuata ratiba. Meneja akamwita karani.

"Dada, dakika tano hizi, wahudumu watagawa soda saa ngapi?"

"Samahani, bosi. Nirekebishe?"

"Iache. Matumizi ya mafuta yamepungua. Soda zigawiwe kabla ya kupanda."

Karani si wa kufundishwa mara mbili. Jumanne aliandika dakika sifuri, na kufikia mchana uwanja wa mji wa pili ulikuwa upande wa pili wa uzio wa waya, pamoja na troli zake na mvua yake. Wafagiaji wa pande zote mbili walisalimiana, wakaazimana sabuni. Abiria waliendelea kufika saa mbili kabla ya safari, kukaguliwa, kupanda ndege kwa mlango wa mbele na kushuka kwa mlango wa nyuma.

Mdogo wake akamleta mama kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye uzio, hatua arobaini kutoka dirisha la ofisi. Mama alikuwa amekonda mpaka sweta lilimpwaya. Akapunga mkono. Karani naye akapunga, roho ikimuuma, maana dirisha lile halifunguki. Geti la uzio lilifunguliwa wakati wa ndege tu, na wakati wa ndege yeye yuko zamu.

"Naomba dakika kumi tu, bosi. Mama yangu yule pale."

Meneja akachungulia. "Namwona. Maskini, mpe pole. Lakini kuvuka uzio ni safari, na safari inaombewa ruhusa siku thelathini kabla."

"Basi wakati wa chakula."

"Wakati wa chakula ni wa kula, dada yangu."

Hakuwa mtu mbaya. Alimwagizia mama chai. Chai ilikaguliwa, ikapanda ndege ya saa nane, ikafika imepoa. Mama aliinywa yote.

Karani alijaza fomu ya ruhusa. Siku ya kumi na tisa mdogo wake alikuja peke yake, akasimama penye uzio, akavua kofia. Karani alilia pale pale mezani, kwa sauti, na wenzake wakamwacha alie.

Fomu ya msiba ilijibiwa siku hiyo hiyo. Meneja aliileta mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili. Siku za msiba hutolewa kulingana na umbali, na umbali husomwa kwenye ratiba. Penye muda wa safari paliandikwa dakika sifuri. Penye idadi ya siku palipigwa mstari.

"Nimeongea na wenzetu wa ng'ambo," meneja alisema kwa upole. "Gari la maiti litapitia hapo kesho, saa nane na nusu. Nimewaambia waende polepole."

"Asante, bosi."

Kesho yake gari lilipita polepole kweli, kama alivyoahidi. Kisha ikaja ndege ya saa tisa, na geti likafunguliwa.